Akiba haiozi, lakini protini haina akiba

Ndugu zangu, wazee wangu, na nyinyi vijana mliosimama kule ukutani, asanteni kwa kuja. Mwenyekiti amenipa nusu saa na ameniomba nisiwatishe. Nitajitahidi.

Nianze na kidole gumba. Mwaka wangu wa kwanza wa uuguzi, muuguzi mkuu wa wodi ya watoto aliniita kitandani kwa mtoto wa mwaka mmoja na nusu hivi. Mashavu yamejaa, miguu minene. Mama yake alikuwa amemleta kwa sababu ya kikohozi. Ile miguu haikumtia wasiwasi wowote, alidhani mwanawe amenenepa. Muuguzi mkuu akanishika mkono, akakiweka kidole changu gumba juu ya mguu wa mtoto, karibu na vidole. "Bonyeza," akasema. "Hesabu mpaka tano. Achia." Nikaachia. Shimo la kidole changu likabaki pale pale, kama umebonyeza donge la unga uliokandwa. Nikangoja ngozi irudi, haikurudi upesi. Ndipo nikatazama nywele: nyepesi, zimepauka, zina wekundu wa kutu. Ngozi ya mapaja ilikuwa inabanduka kama rangi ya ukuta mkongwe. Mtoto yule hakuwa mnene. Alikuwa amejaa maji.

Ugonjwa ule jina lake mnalijua, kwashakoo. Darasani tulifundishwa sababu yake kwa maneno matatu, upungufu wa protini, tukayaandika, tukafaulu mtihani. Maneno yale yana ukweli ndani yake, ila si ukweli wote, na nitayarudia kabla sijashuka hapa.

Kwanza tuelewane kuhusu neno "kujenga". Shuleni wengi wetu tuliimbishwa makundi ya vyakula: vya kutia nguvu, vya kulinda mwili, vya kujenga mwili. Protini ikawekwa kwenye kujenga. Si kosa, lakini linapotosha kidogo, maana fundi akimaliza nyumba hukusanya vifaa vyake akaenda zake. Ndiyo maana mtu mzima akisikia "vyakula vya kujenga mwili" hujisemea: mimi nilishajengwa zamani, hivyo wape watoto.

Mpaka miaka ya 1930 hata wanasayansi wengi waliona hivyo hivyo. Kwao mwili wa mtu mzima ulikuwa kama injini iliyokamilika, chakula ni mafuta ya kuiendesha, na matengenezo ni ya hapa na pale tu. Kisha akaja Rudolf Schoenheimer, Mjerumani aliyehamia New York baada ya Wanazi kushika madaraka. Aliwalisha panya asidi amino, yaani vipande vinavyounda protini, zenye nitrojeni nzito, nitrojeni yenye alama ambayo angeweza kuifuatilia popote iendako. Panya wenyewe walikuwa wakubwa, uzito wao haupandi wala haushuki. Kama mwili mzima ni injini iliyokamilika, nitrojeni ile ingepita na kutoka yote kwenye mkojo. Haikutoka yote. Sehemu kubwa aliikuta imeshaingia ndani ya nyama za mwili, kwenye ini, kwenye utumbo, kwenye misuli, mahali pa ile ya zamani iliyokwisha kuondolewa.

Kwa hiyo nyumba hii inabomolewa na kujengwa kila siku, huku wenyewe tumo ndani. Mtu mzima huvunja na kuunda upya protini kiasi cha gramu 250 hadi 300 kwa siku, mara kadhaa ya ile anayokula. Vipande vingi vya zamani hutumika tena, lakini si vyote. Kila siku kuna vinavyopotea, na ndivyo tunavyovirudisha kwa chakula. Utando wa ndani wa utumbo mdogo hubadilishwa kila baada ya siku 3 hadi 5. Chembe nyekundu ya damu, iliyojaa protini iitwayo himoglobini inayobeba oksijeni, huishi siku kama 120. Kingamwili zinazopigana na maradhi ni protini. Insulini ni protini. Vimeng'enya vinavyosaga chakula ni protini, kwa hiyo hata kuila protini kunahitaji protini. Kolajeni inayoshikilia ngozi, mifupa na mishipa ni protini. Siendelei, orodha haina mwisho.

Sasa nakuja kwenye jambo moja lililonileta. Sukari ina ghala lake kwenye ini na misuli, dogo, kama nusu kilo. Mafuta yana ghala kubwa, na wengine wetu tunatembea nalo hapa mbele, hakuna haja ya kunyoosheana vidole. Protini haina ghala. Hakuna mahali mwilini protini inapokaa kimya ikingoja njaa. Kila gramu iko kazini: inakaza msuli, inabeba hewa, inafunga kidonda. Siku isipoingia ya kutosha, mwili haufungui stoo. Unakwenda kuwatoa wafanyakazi kazini, na wengi wao hutolewa kwenye misuli.

Na ikiingia kupita kiasi? Ini linaivua nitrojeni iliyomo na kuigeuza taka iitwayo yurea, figo zinaitoa kwenye mkojo, na kilichobaki kinachomwa kama nishati au kinageuzwa mafuta. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, lakini hapa kibaba chenyewe hakipo. Mtu aliyekula nyama ya kushindiliwa sikukuu moja hakujiwekea cha kumfaa wiki ijayo.

Mzee, nimeuona mkono wako. Nikitaja figo, mikono huinuka. Nivumilie, nitakufikia.

Kuna wakati watu waliamini protini ndiyo inayochomwa msuli unapofanya kazi. Justus von Liebig, mkemia mkubwa wa Ujerumani wa karne ya 19, alifundisha hivyo, na kwa jina lake wengi wakakubali. Mwaka 1865 wanasayansi wawili, Adolf Fick na Johannes Wislicenus, wakaamua kupanda mlima Faulhorn huko Uswisi ili kulijaribu somo hilo kwa miguu yao. Tangu siku moja kabla ya safari waliacha kabisa vyakula vyenye protini. Wakala maandazi ya wanga yaliyokaangwa kwa mafuta, wakanywa chai ya sukari. Wakapanda mita zipatazo 1,956, na njia nzima wakakusanya mkojo wao kwenye chupa. Fikirini hao mabwana wawili wasomi, na chupa zao, mlimani. Walipopima nitrojeni ya mkojo ule, ambayo hutokana na protini iliyovunjwa, wakakuta protini iliyochomwa haikutosha hata kidogo kuwafikisha juu. Wanga na mafuta ndivyo vilivyopanda mlima.

Hiyo ni zaidi ya miaka 150 iliyopita, na bado kijana ananiambia anakula mayai 10 mabichi asubuhi "apate nguvu za mazoezi". Kijana wangu, mambo mawili. Nguvu za mazoezi zinatoka zaidi kwenye wanga na mafuta; protini inakuja baadaye kurekebisha msuli uliouchosha. La pili, chemsha hayo mayai. Tazama ute wa yai ukiingia kwenye kikaango: ulikuwa maji maji unaopenya mwanga, mara unaanza ukungu pembeni, kisha unakuwa mweupe wote. Unachokiona ni nyuzi za protini zilizokuwa zimejikunja kama mpira wa uzi, zinakunjuka na kushikana upya. Zikishakunjuka, vimeng'enya vya tumboni vinapata pa kukata. Watafiti wa Ubelgiji walilipima hilo mwaka 1998: yai lililopikwa, mwili ulimeng'enya protini yake karibu asilimia 90, bichi, karibu nusu tu. Kwa mayai mabichi 10, matano umeyala wewe, matano umewalisha bakteria wa utumbo mpana. Maharage nayo ni hivyo hivyo na zaidi, maana yakiwa mabichi yana vitu vinavyozuia vimeng'enya kufanya kazi, na mengine yana sumu ya kutapisha ambayo huisha kwa kuchemshwa barabara.

Je, protini zote ni sawa? Hapa nataka tukae kidogo.

Protini ni uzi wa shanga. Shanga ziko aina 20, nazo ndizo asidi amino. Mwili una ufundi wa kutengeneza 11 kati yake wenyewe. Tisa zilizobaki hauwezi kuzitengeneza, lazima ziingie kwa mdomo. Na kanuni ya uzi ni kali: kama unatunga uzi unaotaka shanga nyekundu kila baada ya tatu, na nyekundu zimekwisha, umekwama. Hata ukiwa na debe zima la za bluu, umekwama.

Wafaransa walijifunza hili kwa uchungu. Mwanzoni mwa karne ya 19 kulikuwa na mpango wa kuwalisha maskini na wagonjwa wa Paris supu ya mifupa. Mifupa inachemshwa, inatoa jelatini, na jelatini ni protini tupu. Rahisi, tele, na wakubwa wakafurahi. Walaji hawakufurahi, wakalalamika haishibishi. Chuo cha sayansi kikaunda kamati chini ya François Magendie, ikafanya kazi miaka mingi mpaka kutoa taarifa mwaka 1841. Mbwa waliolishwa jelatini peke yake walikonda wakafa, na bakuli limejaa. Wakati ule hakuna aliyejua kwa nini. Leo tunajua: jelatini haina kabisa shanga moja kati ya zile tisa, iitwayo triptofani.

Mngedhani somo limeeleweka. Miaka ya 1970 nchini Marekani ikatoka dawa ya kupunguza unene, kinywaji cha "protini ya maji" kilichotengenezwa kwa kolajeni ya ngozi na viungo vya wanyama, yaani binamu wa ile supu ya Paris. Watu wakakinywa karibu bila chakula kingine, kwa wiki na miezi. Uzito ukashuka kweli. Kisha zikaanza taarifa za watu, wengi wao wanawake ambao hawakuwa wazee, kuanguka na kufa kwa mapigo ya moyo yaliyovurugika. Waliripotiwa zaidi ya 50. Moyo nao ni msuli, ndugu zangu, na mwili usio na ghala ukizidi kubanwa, hatimaye unabisha hodi hata huko. Kwa hiyo ukiona kopo limeandikwa kolajeni kwa herufi za dhahabu, usilihesabu kuwa mlo.

Mayai, maziwa, samaki na nyama vina shanga zote tisa kwa wingi unaofaa. Nafaka zina uhaba wa ile iitwayo lisini. Maharage, dengu na jamii yote ya kunde zina lisini tele, ila zimepungukiwa na methionini, ambayo nafaka zinayo. Mmeona? Kila mmoja anaziba pengo la mwenzake. Watu wa mabara mbalimbali walikwisha kuvikutanisha sahani moja tangu zamani, kabla mkemia yeyote hajazaliwa. Wala si lazima vikutane kwenye tonge moja. Vikiliwa ndani ya siku hiyo hiyo, mtu mzima mwenye afya hapungukiwi. Asiyekula nyama, kwa sababu yoyote ile, anaweza kupata protini kamili. Kinachomwangusha mara nyingi ni kula nafaka peke yake asubuhi, mchana na jioni.

Kiasi gani? Shirika la Afya Duniani na wenzake walipanga mwaka 2007: gramu 0.83 kwa kila kilo ya uzito wako kwa siku. Mtu wa kilo 60 anahitaji kama gramu 50. Tahadhari hapa, maana kila ninapokwenda mtu huniuliza kama basi anunue gramu 50 za nyama. Hapana. Nyama ina maji mengi. Gramu 100 za kuku aliyepikwa zina protini kama 30. Yai moja lina 6. Kikombe cha maziwa, 8. Kikombe cha maharage yaliyopikwa, 15 hivi. Chukua yai, maziwa na maharage hayo, ongeza gramu 10 za protini inayotoka kwenye nafaka ya siku nzima na kipande kidogo cha samaki, na mtu wetu wa kilo 60 amekwisha kufika. Mjamzito anahitaji zaidi, hasa miezi mitatu ya mwisho, ambapo huongezewa kama gramu 31 kwa siku. Anayenyonyesha, kama 19 katika miezi sita ya kwanza. Anayenyanyua vyuma kwa dhati anaweza kufika gramu 1.6 kwa kilo, na kupita hapo faida kwenye misuli huwa ndogo mno. Unga wa protini wa makopo si haramu. Ni chakula tu kilichokaushwa, mara nyingi cha maziwa, na kwa mtu anayekula vizuri anaukojoa kama nilivyoeleza.

Wanaonisumbua mimi si vijana wa vyuma. Ni wazee.

Miaka ya mwisho ya kazi yangu nilikuwa wodi ya watu wazima. Kuna bibi mmoja aliyelazwa kwa homa ya mapafu. Homa ilipona. Lakini kila sahani iliporudi jikoni, mchuzi umekwisha, wali umekwisha nusu, nyama iko vile vile. Kwenye faili tuliandika "anakula vizuri". Siku ya kumi akajaribu kusimama kwenda msalani, magoti yakamkataa. Binti yake ndiye aliyefungua droo ya kando ya kitanda na kukuta meno ya bandia ya mama yake, yamefungwa kwenye leso tangu siku aliyolazwa. Siku kumi tulimpelekea nyama bibi asiye na meno, na hakuna aliyeuliza, mimi nikiwemo.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 uliwalaza wazee wenye afya kitandani kwa siku 10, bila ugonjwa wowote. Walipoteza karibu kilo nzima ya misuli miguuni. Sasa ongeza homa, ambayo huvunja protini kwa kasi, na sahani inayorudi na nyama. Isitoshe msuli wa mzee ni mzito wa kusikia: kiasi kile kile cha protini kinachomwamsha kijana, kwake hakitoshi. Ndiyo maana wataalamu wengi wa lishe ya wazee wanashauri gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kilo, na igawanywe kwenye milo yote, si chai tupu asubuhi na nyama yote usiku. Yai lililopondwa, maziwa ya mgando, samaki aliyechambuliwa miiba, dengu laini. Na atembee, hata kama ni kuzunguka kitanda, maana protini bila kazi haijui iende wapi.

Nirudi kwa mtoto wa mwanzo. Jina kwashakoo linatokana na neno la lugha ya Ga, ya huko ambako leo ni Ghana, na daktari Cicely Williams ndiye aliyeliingiza kwenye vitabu vya tiba katika miaka ya 1930. Aliwauliza kina mama wenyewe, wakamwambia maana yake: ugonjwa wa mtoto anayeondolewa mahali pake mdogo wake akizaliwa. Kaachishwa ziwa, kapewa uji mwepesi. Kwa miaka dunia ikaona tatizo zima ni protini, ikakimbilia unga wa maziwa na vyakula vilivyotiwa protini, mpaka mwaka 1974 daktari Donald McLaren alipowashambulia wenzake kwenye jarida la Lancet kwamba wamepotea njia. Uji mwepesi hauna protini, ni kweli, lakini hauna nishati pia. Na mwili wenye njaa ya nishati hata ukipewa protini unaichoma. Ni kama mtu aliyeishiwa kuni: anang'oa mlango, anang'oa fremu za madirisha, apate kupikia. Juu ya hayo kuna maambukizi, kuna utumbo ulioharibika, kuna upungufu wa vitamini na madini. Mpaka leo watafiti hawajakubaliana kwa nini mtoto huyu avimbe na nduguye, kwa chakula kile kile, akonde bila kuvimba.

Na tiba yake ndiyo iliyonishangaza kuliko yote. Ungedhani mtoto aliyekosa protini ashindiliwe protini. Siku za kwanza hupewa maziwa maalumu yaitwayo F-75, yenye protini chini ya gramu moja kwa kila mililita 100, kidogo kidogo, usiku na mchana. Ini na figo zake zimechoka, mzigo wa ghafla unaweza kumuua. Anapoanza kudai chakula mwenyewe na uvimbe unapungua, ndipo huongezewa. Mtoto wetu yule alipewa kwa kijiko, kila baada ya saa mbili. Uvimbe ulipokwisha alionekana mdogo kuliko siku aliyokuja, na mama yake akalia akidhani tumemkondesha. Ilibidi nimshike kidole chake gumba, nikiweke juu ya mguu wa mwanawe, nimwambie abonyeze na kuachia.

Haya, mzee wa figo, umengoja sana. Kama figo zako ni nzima, protini ya kawaida haizidhuru. Kama zimeanza kuchoka, daktari anaweza kukupunguzia. Lakini ukifika hatua ya kusafishwa damu kwa mashine, ushauri unageuka, unatakiwa ule zaidi, kwa sababu mashine hutoka na sehemu ya zile shanga. Wapo waliosikia la kwanza miaka mitano iliyopita, wakalishika mpaka kwenye mashine, wakakonda. Kwa hiyo kabla sijakujibu naomba unieleze: umepimwa lini, na uko hatua gani? Mpeni kipaza sauti.